Waliojenga Mwisho wa Reli

Katika kijitabu hiki cha Yubile msomaji mpenzi atakuta habari za maaskofu, mapadre, mabruda na masista waliotutangulia, na majina yao yameandikwa vizuri pamoja na miaka yao. Sisi tumepewa kazi nyingine, nayo ni kueleza habari za majengo ya mwambao wetu wa Tanganyika, hasa ya Ujiji na Kigoma. Tulipoipokea kazi hii tulidhani ni nyepesi, maana jengo halikimbii. Atakaye kulijua huenda akalitazama. Lakini tulipoanza kuuliza, "Jengo hili lilijengwa na nani?" watu walitujibu kwa neno moja tu: "Wadachi," au "Wabelgiji," au "Mapadre." Hapo tukafahamu ya kuwa swali letu halijajibiwa bado. Hao waliotajwa walikuwa watu wachache, na mawe yalikuwa mengi.

Zamani za wazee wetu swali hili halikuwa na haja ya kuulizwa. Waha walijenga nyumba za msonge: fito zilisimikwa kwa duara, zikakunjwa juu na kufungwa kwa kamba, kisha zikaezekwa nyasi toka kileleni hata chini. Hakuna mtu aliyejenga peke yake. Mwenye kutaka nyumba aliwapa majirani habari, nao wakaja, huyu na fito, huyu na mganda wa nyasi. Wanawake wakapika chakula na pombe, na kazi ikaisha kwa siku chache. Nyumba ile haikudumu miaka mingi, kwa kuwa mchwa na mvua ni adui wa kila nyumba ya miti. Hata hivyo kila apitaye njiani alijua ni nani aliyefunga fito zile na ni nani aliyepanda juu kuezeka, maana kesho yake mwenye nyumba alikwenda kwao kuwajengea wao. Deni la kazi lililipwa kwa kazi, wala halikuhitaji kuandikwa.

Katika karne ya 19 Waarabu na Waswahili walifika Ujiji kwa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, wakaleta namna nyingine ya kujenga. Walijenga nyumba za pembe nne, zenye kuta nene za udongo na baraza mbele, na tembe zenye paa la udongo lililo sawa. Burton na Speke, Waingereza, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wasione maji ya ziwa hili mpaka Februari 1858. Na mji waliofikia ni Ujiji. Katika nyumba ya namna hiyo ndimo alimokaa Daktari Livingstone, na barazani pake ndipo alipopokewa Stanley katika mwaka 1871. Jina la mgeni aliyelala ndani ya nyumba ile limejulikana duniani kote. Jina la fundi aliyekandika kuta zake hakuna alijuaye, wala majina ya watumwa waliobeba maji na udongo wa mji ule.

Mapadre Weupe walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Katika mwaka huohuo, kusini ya mwambao, Kapteni Cambier, Mbelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, alianza kujenga boma la Karema. Lilikuwa boma la watu wanaotazamia vita, lenye kuta nene, juu ya kilima kilichotazama ziwa. Mwaka 1885 chama kile kiliwaachia Mapadre boma lao, na ndani ya kuta zilezile zilizojengwa kwa hofu wakapokelewa watu waliokombolewa utumwani. Twalitaja jambo hili kwa sababu ya fundisho lake: ukuta haujui umejengewa nini. Wanaokaa ndani yake ndio wanaoupa maana, na mara nyingi si wale walioujenga.

Sasa tufike katika jambo lililogeuza mwambao wetu kuliko yote hayo, nalo ni reli. Na pamoja na reli tulitaje shirika lililoijenga, maana hapo ndipo kampuni kubwa ya wajenzi ilipofika mwambaoni kwetu.

Kampuni ile iliitwa Philipp Holzmann. Ilianza mwaka 1849 karibu na mji wa Frankfurt katika Ujerumani, kazi ya mtu mmoja na familia yake, ikakua hata ikawa mojawapo ya makampuni makubwa ya ujenzi ya Ulaya. Kabla ya kuja kwetu ilikuwa imekwisha jenga reli katika nchi ya Waturuki. Serikali ya Wadachi ilipotaka njia ya chuma itokayo Dar es Salaam kwenda bara, Holzmann ndiye aliyepewa kazi. Kazi ilianza mwaka 1905, mwaka uleule vita vya Maji Maji vilipowaka upande wa kusini. Mwaka 1907 reli ilifika Morogoro. Mwaka 1912 ilifika Tabora. Na mwezi wa Februari 1914 ilifika Kigoma, zaidi ya kilomita 1,250 toka baharini. Safari iliyokuwa ya miezi mingi kwa miguu ikawa safari ya siku chache.

Msomaji atauliza, kwa nini reli haikuishia Ujiji, mji wa kale na mwisho wa njia ya misafara? Sababu ni maji. Zamani maji ya ziwa yalikuwa juu sana, kwa kuwa mto Lukuga, ambao ndio mlango wa kutokea maji upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Karibu na mwaka 1878 kizibo kile kilibomoka, maji yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka mwaka hata mwaka. Ujiji ukabaki na ufuko mpana, usio na kina wala kinga ya mawimbi; mahali palipokuwa karibu na maji siku za Livingstone leo pako mbali nayo. Bali ghuba ya Kigoma ina kina, nayo imekingwa na vilima. Wajenzi walipima, wakachagua Kigoma. Hivyo mji mkubwa ukapungua, na kijiji cha jirani kikawa bandari. Wala ziwa halijaacha desturi yake ya kupanda na kushuka. Katika miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena, yakaingia katika nyumba za watu waliojenga karibu mno na ufuko. Aliyejenga mwambaoni bila kuwauliza wazee amejenga kwa kubahatisha.

Tuitazame sasa kazi yenyewe. Wahandisi walitangulia na vyombo vyao vya kupimia, wakaweka alama. Nyuma yao wakaja wakata miti, kisha wachimbaji waliopasua vilima na kujaza mabonde, hata likapatikana tuta lililo sawa. Juu ya tuta wakamwaga kokoto, wakalaza mataruma, nayo yalikuwa ya chuma, kwa kuwa ya mti yangeliwa na mchwa. Juu ya mataruma wakafunga reli. Kila mto ulitaka daraja. Mto mkubwa wa upande wetu ni Malagarasi, ambao wakati wa masika hufurika na kufanya vinamasi virefu. Nasi tulio wenyeji wa nchi ile twajua ni taabu gani kusimamisha nguzo katika matope yake. Njia ikapita Uvinza, penye chumvi iliyotafutwa na watu wa mbali tangu zamani, ikateremka hata ziwani.

Haya yote yaliongozwa na Wazungu wachache, na sehemu za kazi ziligawiwa kwa makontrakta wadogo, ambao wengi wao walikuwa Wagiriki. Lakini waliochimba, waliobeba na waliopiga nyundo walikuwa watu weusi, maelfu kwa maelfu, na wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, watu waliozoea safari tangu siku za misafara. Wengine walikuja kwa kutaka mshahara. Wengine kwa sababu ya kodi ya nyumba, ambayo serikali iliidai kwa fedha, na fedha haikupatikana ila kwa kuajiriwa. Walilala katika makambi, wakaugua homa na kuhara, na wengine hawakurudi kwao. Katika nchi hii, wakati wa Wadachi, mtu wa kibarua alipewa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku zake za kazi. Siku zilipotimia alipewa haki yake, na kipande kikawa hakina kazi tena. Kwa hiyo twaweza kusoma katika vitabu majina ya wahandisi na ya wakurugenzi, tena twaweza kusoma hesabu za fedha za kampuni. Lakini mtu akitaka kujua ni nani aliyelaza taruma fulani kati ya Uvinza na Kigoma, hana pa kumtafuta.

Je, kampuni ile iliwafaa watu wa nchi? Tusiseme ya kwamba haikuwafaa kitu, maana tutakuwa waongo. Watu walijifunza ufundi: uashi, useremala, ufuaji wa chuma, kazi ya mitambo. Wakulima waliokuwa karibu na njia walipata mahali pa kuuza nafaka. Mizigo iliyowavunja wapagazi migongo ikachukuliwa na gari la moshi. Lakini reli haikujengwa kwa shauri la wenyeji, wala hakuna aliyewauliza Waha kama wataka mji wao mkubwa uwe hapa au pale. Ilijengwa kwa biashara ya wenye nchi wa siku zile na kwa askari wao. Na wenye kuijenga hawakupata muda wa kuifaidi: toka Februari 1914 hata mwezi wa Agosti ni miezi sita tu, na vita vikuu vikaanza.

Stesheni ya Kigoma ni ukumbusho wa siku hizo za Wadachi. Jengo lingali limesimama, na matao yake na paa lake refu, likitazama chini bandarini, nalo ni jengo zuri. Hatuoni haya kusema hivyo. Chini yake, mahali pa kuundia vyombo, iliungwa meli Graf von Götzen. Meli ile iliundwa kwanza Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku mengi sana, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, kisha ikaunganishwa tena na mafundi Wadachi watatu pamoja na Wahindi na watu weusi wengi. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wadachi wenyewe waliizamisha baada ya kuipaka mitambo mafuta mazito isipate kutu. Wabelgiji wakautwaa Kigoma, wakakaa mpaka 1921, walipowaachia Waingereza. Mwaka 1924 meli ilitolewa chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa hili upande wa kusini. Historia ya meli hii imesimuliwa katika nchi nyingi. Lakini hapo pia twakuta majina ya wale mafundi wa Kidachi, na ya wengine twaambiwa hesabu tu.

Mwisho wa kampuni yenyewe ulikuwaje? Holzmann iliendelea na kazi Ulaya na kwingineko muda wa miaka mingi baada ya vita vile. Mwaka 1999 ilielemewa na madeni, ikaokolewa kwa shida. Mwaka 2002 ikafilisika kabisa, baada ya miaka zaidi ya 150. Hivyo kampuni imekufa, na tuta lake lingali lipo. Twakumbuka nyumba ya msonge ya wazee wetu: nyumba ilikufa upesi, na waliojenga wakaendelea kujuana. Hapa imekuwa kinyume: kazi imedumu, na wajenzi wamepotea, wakubwa na wadogo pamoja.

Hata hapa tulipofika msomaji atadhani ya kuwa twawashtaki Wadachi na makampuni yao. Ingekuwa rahisi kufanya hivyo, maana hawapo wa kujitetea. Lakini tulipokuwa tukiandika habari hizi dhamiri yetu ilituchoma, nasi tumeona ni haki kueleza sababu yake.

Miaka zaidi ya kumi iliyopita, katika kigango tulichotumwa kufundisha, Wakristo waliazimu kujenga kanisa la matofali ya kuchoma mahali pa kanisa la zamani la miti na nyasi. Fundi alitoka mjini na ramani yake. Wanaume walichimba udongo na kuchoma matanuri. Wanawake walipanda mlima na ndoo za maji kila alfajiri kabla ya kwenda shambani. Watoto walibeba matofali mawili mawili baada ya shule. Mfadhili mmoja alitoa bati. Kazi ilichukua miaka mitatu. Siku ya kubarikiwa kanisa, karibu na mlango palikuwa na jiwe la saruji lenye maandishi: jina la aliyebariki, jina la mfadhili, jina la fundi, na tarehe. Maneno yale ndiyo tuliyoyatunga sisi, na tuliona yamepangika vema.

Baada ya Misa mama mmoja mzee, asiyejua kusoma, alikaribia akapitisha kidole chake juu ya maandishi, mstari kwa mstari. Kisha akatugeukia, akatuuliza kwa upole, "Mwalimu, sisi tuko mstari gani?"

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulimwambia ya kuwa Mungu anajua. Alitikisa kichwa akasema, "Mungu alijua tangu nilipokuwa nachota. Nauliza jiwe."

Jioni ile tulifungua daftari la ujenzi, nasi tukaona ya kuwa tulikuwa tumeandika kila shilingi iliyotolewa, na jina la aliyeitoa. Lakini siku za kazi hatukuziandika hata moja. Aliyetoa shilingi elfu moja alikuwa na jina. Aliyechota maji miaka mitatu hakuwa nalo. Basi, kampuni ya Frankfurt ilikuwa imewapa watu wake angalau kipande cha kuhesabia siku; sisi, ndugu zao katika imani, hatukuwapa hata hicho.

Tulichelewa kurekebisha kosa lile. Ilipita miaka kadhaa. Hatimaye tulikwenda nyumba kwa nyumba pamoja na wazee wa kanisa, tukauliza nani alichimba, nani alichoma, nani alichota, nani aliyewapikia mafundi. Wengine walikuwa wamehama kwenda Uvinza na Tabora, na wengine wamekufa. Majina yalijaza kurasa nyingi. Mama yule alikuwa amekwisha kufa, na jina lake tulipewa na mjukuu wake, nalo ndilo tuliloliandika la kwanza.

Kwa nini twayasema haya katika kitabu cha yubile? Kwa sababu Kigoma ilikuwa vikarieti mwaka 1946 na jimbo kamili mwaka 1953, na majengo yake mengi, makanisa, shule na zahanati, yamejengwa na watu wa namna hiyohiyo, nao waliobaki ni wazee. Tukiwaacha waondoke bila kuulizwa, wajukuu wetu watajibu kama sisi tulivyojibiwa: "Mapadre ndio waliojenga." Wala mapadre wenyewe hawatapenda jibu hilo, maana wajua ni nani aliyewachotea maji.

Tena iko sababu ya pili. Mwezi wa Desemba 2022 serikali yetu ilitia sahihi mkataba na makampuni ya Kichina wa kujenga reli mpya, pana kuliko ile ya zamani, toka Tabora hata Kigoma, kilomita 506. Kwa mara ya pili kampuni kutoka nchi ya mbali inapewa kazi ya kuleta njia ya chuma kwenye ziwa letu. Hatuiogopi, wala hatuikatai, twahitaji reli. Lakini vijana wa parokia zetu watakaoajiriwa humo twawasihi wasiridhike na mshahara tu. Wajifunze kazi ile vizuri, wajue kusoma ramani na si kubeba zege peke yake. Watunze karatasi zao za kazi. Na viongozi wa vijiji waandike katika vitabu vyao nani alifanya kazi wapi na kwa muda gani. Wenye mashamba yatakayopitiwa na njia waulizwe kabla, na majibu yao yaandikwe. Miaka mia ijayo, mtoto akisimama kwenye stesheni na kuuliza aliyeijenga, apate jibu refu kuliko lile tulilolipata sisi.

Na kwa upande wetu twatoa shauri lililo dogo, lisilohitaji fedha. Kila kigango kinachojenga, hata kama ni choo cha shule au jiko la masista, kiwe na daftari la pili kando ya daftari la fedha, na humo ziandikwe siku za kazi za kila mtu. Daftari la kigango chetu liko katika sakristia. Atakaye kuliona aje wakati wowote. Na akimjua mtu tuliyemsahau, atuambie, kwa maana kurasa za mwisho tumeziacha wazi kwa ajili hiyo.